Usiku wa Ukungu Buena Park: Tathmini ya Knott's Scary Farm

Nilipomweleza mama yangu, aliyeko Tanga, kwamba nimenunua tiketi ya kuingia mahali ambapo kazi ya wafanyakazi ni kunitisha mpaka nipige ukunga, alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akauliza: "Mwanangu, huko kazi zimekwisha, au pesa ndizo zimezidi?" Sikuwa na jibu la haraka. Mtu aliyelelewa katika mtaa ambao watu wazima hawapiti chini ya mbuyu baada ya magharibi bila kusoma dua hawezi kuelewa kirahisi kwa nini woga, ambao kwetu hupatikana bure, uuzwe kwa tiketi, tena kwa foleni. Hata hivyo nimekwishakwenda mara tatu tangu 2019, mara mbili kati ya hizo nikiwa na mpwa wangu Idrissa, na nadhani sasa ninaweza kueleza kinachouzwa pale, kipi katika hicho kina thamani ya fedha zake, na kipi mtu anaweza kukiacha bila majuto.

Knott's Scary Farm ni sura inayovaliwa kila msimu wa Halloween na bustani ya burudani ya Knott's Berry Farm, iliyoko Buena Park katika jimbo la California, kilomita 35 hivi kusini mashariki mwa katikati ya Los Angeles. Mchana ni mahali pa familia, penye treni ya mvuke, mabembea ya kasi na kona ya watoto ya mbwa Snoopy. Jioni bustani hufungwa, wageni wa mchana hutolewa, na ifikapo saa moja usiku milango hufunguliwa upya kwa wenye tiketi za usiku, ambao huzunguka humo hadi saa saba au saa nane. Msimu huanza katika nusu ya pili ya Septemba na kufikia kilele Oktoba 31, siku ya Halloween yenyewe, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Ulianza mwaka 1973 kwa siku tatu tu, ukafutwa 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, ukarudi mwaka uliofuata. Bustani nyingine kubwa za Marekani zilikuja nyuma yake, ikiwamo Universal ya Orlando, ambayo ilianza usiku wake wa vitisho mwaka 1991 ikiwa na nyumba moja tu ya vitisho.

Ili kueleza kwa nini ukungu wa hapa unatisha kuliko wa kwingineko nilikowahi kwenda, inanibidi nianze na kuku. Walter Knott alikuwa mkulima wa matunda ya beri aliyeuza mazao yake kando ya barabara, na ndiye aliyeliokoa lisipotee tunda lililozalishwa na Rudolph Boysen kwa kuchanganya mbegu, akaliita boysenberry na kulipatia soko. Mwaka 1934, katika miaka ile ya mdororo wa uchumi, mkewe Cordelia aliwakaangia kuku wateja 8, akawapakulia katika vyombo vyake vya harusi, kwa senti 65 kila mmoja. Kuku akapendwa, foleni ikarefuka hadi ikawa kero, na mwaka 1940 Walter akaanza kujenga mji wa kale wa wachimba madini, akitumia pia majengo yaliyohamishwa kutoka miji iliyokwisha kuhamwa na watu wake, ili wanaomsubiri kuku wapate la kutazama. Mji huo unaitwa Ghost Town. Bustani nyingi hupandisha magofu ya plastiki kila mwezi wa nane na kuyashusha kila mwezi wa kumi na moja, ilhali hapa gofu lilikuwepo miaka 33 kabla ya sherehe yenyewe kubuniwa, na mbao zake zimepasuka kwa jua, si kwa msasa wa fundi.

Niliingia Ghost Town kwa mara ya kwanza yapata saa mbili usiku. Mashine za moshi zilikuwa zimeshafanya kazi muda mrefu kiasi kwamba barabara nzima ilikuwa imefunikwa na wingu jeupe lenye harufu tamu, mfano wa glaserini iliyochemshwa, na taa chache za rangi ya chungwa zilizoning'inia barazani zilionekana kama mwezi unaochomoza nyuma ya mawingu. Niliponyoosha mkono, niliviona vidole vyangu kwa shida. Watu waliokuwa mbele yangu walikuwa vivuli, na kati ya vivuli hivyo sikuweza kujua ni yupi aliyelipa kuingia na ni yupi anayelipwa. Hilo ndilo linalomkalia mtu rohoni kabla lolote halijamtokea: katika nyumba ya vitisho unajua kwamba kila kilichosimama kona ni mali ya nyumba, lakini barabarani huna hakika na yeyote.

Kisha ukasikia mlio. Ni mlio wa chuma kinachoburuzwa juu ya lami, mkali, unaotoka mbali na kufika miguuni kabla hujajua umetoka upande gani. Hawa ni watelezaji, waigizaji waliovaa ngao za magoti na glovu zenye vipande vya chuma. Hukimbia kwa nguvu zao zote, wakajitupa chini kwa magoti, wakateleza mita kadhaa huku cheche zikiruka chini ya viganja vyao, wakasimama wima mbele ya uso wako. Mtindo huu ulizaliwa katika mitaa hii hii ya Ghost Town, na bustani nyingine zikauiga. Nimeshuhudia wanaume wenye vifua vipana wakiruka nyuma na kumkanyaga mke. Mimi mwenyewe nilishtuka hadi nikamwaga nusu ya soda yangu, na mtelezaji yule, msichana mwembamba kwa kadiri nilivyoweza kuona chini ya rangi na vitambaa, aliitazama soda inayotiririka kwa huzuni ya kuigiza, akatikisa kichwa, akatoweka.

Idrissa, aliyekuwa na miaka 15 tulipokwenda pamoja kwa mara ya kwanza, alidai njiani kwamba hakuna kitakachomtisha, kwa kuwa, kwa maneno yake, "Mjomba, hao ni watu tu." Tulipofika katikati ya ukungu alinipotea kwa sekunde chache, nikamwita kwa jina. Kabla hajaitika, sauti nyembamba ya mwanamke mzee ikamwita kutoka upande wa pili, "Idriiissa," ikafuatwa na nyingine nyuma yake, na ya tatu kutoka juu ya baraza, jina lile lile, polepole, kana kwamba wamekuwa wakimngojea miaka mingi. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, lakini kijana wangu hakusubiri kuuhakiki msemo huo. Nilihisi mkono wake umeshika mkoba wangu, na haukuuachia mpaka tulipofika kwenye mwanga wa duka la peremende. Baadaye nilielewa kwamba ni hila ya kawaida ya kazi hii: waigizaji husikiliza, hunasa jina linalotajwa na wenzako, na kulipitisha kwa wenzao. Ni jambo dogo lisilogharimu hata senti, na hakuna mtambo wa mamilioni nilioukuta pale uliofanya kazi kubwa kama hiyo.

Nyumba zenyewe za vitisho, ambazo kwa mwaka huwa nane hadi kumi hivi, zimetawanywa katika bustani nzima, na kila moja ni njia nyembamba yenye kona nyingi inayokupitisha chumba baada ya chumba kwa dakika chache. Baadhi hudumu misimu kadhaa, nyingine huondolewa ili mpya ziingie, kwa hiyo nazieleza kama nilivyozikuta, si lazima nawe uzikute. Ile iliyonikaa zaidi ni The Depths, iliyofunguliwa 2018, inayoanzia katika mji wa bandari na kushuka mapangoni hadi usawa wa maji. Maji yenyewe hayapo. Kuna miali ya leza ya kijani iliyotandazwa juu ya moshi kwenye kiwango cha kiuno, hivyo ukitazama chini unaona uso wa bahari unaopumua, na wewe umezama nusu, na hujui kilicho chini. Mimi ni mtoto wa pwani, nimevua pweza kwa karabai na ninaijua bahari ya usiku, na nakiri kwamba kwa sekunde kadhaa niliinua miguu kama anayekwepa nyenga. Waigizaji waliojificha chini ya moshi huibuka wakiuvunja uso huo, na jambo la kusifu ni kwamba hawaibuki wote. Sehemu kubwa ya chumba kile haina mtu, ila mwili haujui hilo.

Wax Works, ya 2019, inacheza mchezo wa zamani kwa ustadi: vyumba vimejaa sanamu za nta, na kati ya kila sanamu kadhaa mmoja ni mtu hai. Ukifika chumba cha tatu umeshachoka kukisia, na uchovu huo ndio wanaoutaka. Origins, nayo ya 2019, inasimulia asili ya Mchawi wa Kijani, mhusika aliyeuongoza usiku huu kwa miongo mingi, na ndiyo iliyosukwa vizuri zaidi kama hadithi. Hata hivyo sikuifurahia kama wenzangu. Kwa wenyeji wa hapa mchawi ni kofia yenye ncha na rangi ya kijani usoni, lakini kwa anayetoka nchi ambamo vikongwe wa Kanda ya Ziwa wameuawa kwa mapanga kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni, kuna mahali kicheko hukwama kooni. Simlaumu yeyote kwa hilo. Nalitaja kwa sababu msomaji wa Kiswahili huenda akalihisi, na ni heri aingie akijua.

Ndani ya nyumba hizi ufundi unafanana karibu kila mahali duniani, na kuujua hakuharibu starehe. Ukutani kuna vijidirisha vilivyopakwa rangi ya ukuta wenyewe, ambavyo hushushwa kwa kishindo na mwigizaji aliyesimama nyuma yake. Mara nyingi mlio mkubwa unaousikia kwa wakati ule ule huanzishwa na yeye mwenyewe kwa kubonyeza kitufe. Kitu cha kuvutia macho huwekwa kulia, mtu akatokea kushoto. Taa zinazowaka na kuzimika kwa kasi hufanya mwigizaji aonekane kama anaruka kutoka mahali pamoja hadi pengine bila kutembea. Yote haya yanategemea kitu kimoja, nacho ni wakati: mwigizaji anatakiwa akuone unakuja, asubiri uvuke mstari fulani, kisha atokeze. Akitokea mapema unamwona akijiandaa; akichelewa unamkuta anatisha mgongo wa aliyekutangulia.

Hapo ndipo penye udhaifu wa nyumba za bustani zote kubwa, si hii tu. Maelfu ya watu hawawezi kupita katika njia moja nyembamba kwa usiku mmoja isipokuwa wameingizwa kwa mfululizo, na wakiingizwa kwa mfululizo wanakuwa mnyororo, na anayetembea katikati ya mnyororo huona kila kitisho kikimpata mtu wa mita tatu mbele yake. Anacheka, anasonga, anatoka. Dawa niliyoigundua ni kwamba mtu apunguze mwendo kwenye kona ya kwanza, ainame afunge kamba ya kiatu ambayo haikufunguka, awaache wa mbele wapotee, kisha aingie chumba kinachofuata peke yake. Walio nyuma watanung'unika kidogo, na mlinzi atakuhimiza usonge, lakini hizo hatua kumi za upweke ndizo tiketi yako hasa. Ghost Town haina tatizo hilo kwa kuwa haina foleni. Mwigizaji wa barabarani anaweza kukufuata dakika tano nzima kwa ukimya, akakuacha, akarudi ulipomsahau. Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba anayekwenda Knott's kwa ajili ya nyumba pekee amekula ganda akalitupa tunda.

Kuna watu wanaochunguza mambo haya kisayansi. Katika Chuo Kikuu cha Aarhus nchini Denmark kuna maabara inayochunguza woga wa kujitakia, na mwaka 2020 watafiti wake, akiwemo Mathias Clasen, walichapisha matokeo ya kuwapima mapigo ya moyo watu 110 waliopita katika nyumba ya vitisho mjini Vejle. Waligundua kwamba starehe haizidi kadiri woga unavyozidi. Hupanda pamoja nao hadi mahali fulani, kisha woga ukizidi starehe hushuka, na ukiwa mdogo mno pia hakuna starehe. Niliposoma hayo nilimkumbuka yule mtelezaji aliyenimwagisha soda, aliyejua kabisa ni sekunde gani ya kuacha. Mwigizaji mzuri hupima kwa jicho: anayetetemeka kweli humpisha, anayejitapa humrudia.

Nililielewa jambo hilo vizuri zaidi kwa kulikosa. Mwaka mmoja niliwahi kwenda kwenye shamba moja la vitisho katika jimbo jingine, ambalo sitalitaja. Tulisimama foleni zaidi ya saa mbili kwa njia ya dakika nne, waigizaji walikuwa vijana waliochoka waliopiga kelele kwa kila mtu kwa namna ile ile, na, jambo lililonikasirisha kuliko yote, mlango wa dharura wa banda ulikuwa umezibwa kwa marobota ya majani makavu. Hapo nilitoka, nikaacha hela yangu. Si suala la kutania: Mei 11, 1984, nyumba ya vitisho ya bustani ya Six Flags Great Adventure huko New Jersey iliungua na vijana 8 wakafia ndani yake. Haikuwa na vinyunyizio vya maji wala ving'ora vya moshi. Baada ya msiba huo kanuni za majengo ya aina hii zilikazwa Marekani. Tangu siku ya marobota yale, kila ninapoingia nyumba ya vitisho huangalia kwanza taa ya mlango wa kutokea. Huko Knott's taa hizo niliziona kila nilipotazama, pamoja na watumishi wenye tochi waliovaa nguo za kawaida, wasioigiza chochote, wamesimama kwenye kona za giza wakiangalia watu.

Kwa anayekusudia kwenda, achague Alhamisi au Jumapili ya Septemba, kwa kuwa bei ya tiketi hubadilika kwa siku na Jumamosi za Oktoba ndizo ghali na zenye umati mkubwa. Tiketi ya ziada ya kupita foleni haraka, iitwayo Fright Lane, inafaa kwa Jumamosi hizo tu. Katika siku tulivu ni kujichukulia hasara. Usivae kinyago wala mavazi ya kuigiza, hutaruhusiwa kuingia nayo, na sababu inaeleweka kwa aliyewahi kusimama katika ukungu ule. Waigizaji hawakugusi na wewe huruhusiwi kuwagusa. Watoto wa chini ya miaka 13 hawashauriwi kuja, na kijana wa miaka 17 au chini yake sharti aandamane na mtu mzima mwenye miaka 21 au zaidi, kwa hiyo wazazi wasidhani watawashusha getini na kurudi nyumbani. Mwenye pumu afikirie mara mbili kuhusu moshi, na mwenye kifafa afikirie mara tatu kuhusu taa. Vaa viatu vya kutembelea, chukua koti, kwa maana usiku wa California hupoa ghafla hata baada ya mchana wa joto kali. Anayechunga chakula cha halali aje ameshakula. Asiye na mipaka hiyo awahi mapema mgahawa wa kuku ulio nje ya geti, akaonje kile kilichoanza na wageni 8.

Natoa nyota nne na nusu kati ya tano: tano kamili kwa Ghost Town, nne kwa nyumba zikichukuliwa pamoja. Mara ya mwisho tulitoka yapata saa saba na robo usiku, Idrissa akiwa mbele yangu sasa, mrefu kunizidi, akijifanya mwenyeji. Karibu na reli ya treni, nyuma ya uzio mfupi, mtelezaji mmoja alikuwa ameketi juu ya kreti amevua glovu, anakaza upya mikanda ya magoti kwa meno na mkono mmoja, chupa ya maji imebanwa kwapani. Idrissa alimpungia mkono. Mtelezaji akainua kichwa, akamtazama kwa muda, kisha kwa sauti ile ile nyembamba akasema, "Idriiissa," ingawa safari hii sikuwa nimemwita.